Uso Uliogeuka Mkeka

Siku mashine mpya ya kutengenezea pleti ilipoletwa kiwandani, wakubwa wote walivaa tai. Walijipanga mlangoni kama wanaopokea bibi harusi, wakapiga makofi kila boksi liliposhuka kwenye lori. Mzee Giza aliwatazama kwa jicho la pembeni. Siku alipozikwa mkewe, aliyefanya kazi humohumo tangu usichana wake, wakubwa haohao walituma gari moja, nalo likafika watu wakiwa wameshatawanyika.

“Chuma kimepokewa na wenye tai,” alimwambia shemeji yake. “Dada yako alipelekewa dereva.”

Shemeji huyo alikuwa kaka wa marehemu, na ndiye fundi wa mashine kubwa ya kuchapia. Watu walimwita Rola, kwa kuwa nguo zake hazikukosa wino wa rola hata akienda harusini.

“Wewe usife kwanza, shemeji,” Rola alimjibu. “Ukifa nitawaomba wakulete hiki chuma kije kikulilie.”

Mzee Giza, kwa asiyejua, lilikuwa jina la kazi. Karatasi yoyote kabla haijachapwa lazima kwanza iwepo pleti, yaani bati jembamba lenye ile picha, na kila rangi ina bati lake. Zamani picha haikufika kwenye bati mpaka ipitie kwenye filamu, na filamu ilizaliwa katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, katika beseni la dawa inayonuka siki. Mzee Giza aliiosha, akaianika kwenye kamba kama nguo za mtoto, akailaza juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini, akasaka kila kitone cha vumbi na kukiziba kwa brashi nyembamba kama sharubu ya paka. Halafu ndipo akaibana juu ya bati na kuiwashia taa kali. Kila picha ya rangi ilikuwa na filamu nne, zenyewe zote nyeusi: ya kuchapia bluu, ya nyekundu, ya njano na ya nyeusi. Moja ikisogea unene wa ukucha, mtu kwenye picha anaota midomo miwili.

Mashine mpya haikutaka filamu wala giza wala siki. Kompyuta inaiambia, mwali wa leza unaichora picha moja kwa moja kwenye bati. Unabonyeza hapa, bati linatokea kule, na chai yako bado haijachemka.

“Ndugu zangu,” alitangaza Meneja siku ile, akiwa amepanda juu ya boksi tupu, “giza limekwisha!”

Watu wote wakageuka kumtazama Mzee Giza. Wengine wakacheka, wengine wakajifanya wanakohoa. Meneja mwenyewe nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Kisasa, kwa sababu neno hilo alilitia katika kila sentensi kama mpishi mbaya anavyotia chumvi.

Hayo yote Mzee Giza angeyameza. Mfupa uliomkwama kooni ulikuwa mwingine. Aliyechaguliwa kuiendesha mashine hiyo alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alibeba jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo baba alimwita “mama” hata anapomgombeza. Kiwandani walishampachika jina la Bibi Leza. Alikuwa katika miezi ya majaribio, hajathibitishwa kazini, na kila asubuhi alipiga koti lake jeupe pasi kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Baba na binti walitoka nyumba moja, wakatembea njia moja, wakafika geti moja, kisha wakaachana: binti kulia, kwenye chumba chenye kiyoyozi; baba kushoto, kwenye chumba chake alichokiombea feni tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

“Baba, filamu ikiingia vumbi unafanyaje?” binti alimchokoza asubuhi moja njiani.

“Naliziba kwa brashi.”

“Leza haina vumbi.”

“Na kiyoyozi kikizima?”

“Basi tunasubiri kiwake.”

“Hiyo si mashine, hiyo ni mke wa mkubwa. Filamu yangu imefanya kazi na joto, na njaa, na umeme wa kukonyeza.”

“Haya. Mteja akitaka ubadilishe herufi moja?”

“Nakata kwa wembe, nabandika nyingine.”

“Na ukikosea?”

“Mimi sikosei.”

“Baba!”

“Nakosea kidogo,” alisema Mzee Giza, na wote wawili wakacheka mpaka walipoliona geti. Hapo kila mmoja akavaa uso wake wa kazi.

* * *

Kazi ya kwanza Bwana Kisasa aliyoipangia mashine mpya ilikuwa karatasi ya kufungia sabuni. Angeweza kuchagua karatasi ya chumvi, ya kiberiti, au kalenda ya wauza saruji. Akachagua sabuni. Wakubwa wana kipaji cha kukanyaga kidole kilekile chenye jeraha.

Karatasi ile ya sabuni ilikuwa na uso wa mwanamke kijana anayecheka, kitambaa cha kijani kichwani. Nchi nzima ilimjua kwa sura bila kumjua kwa jina. Alikuwa mke wa Mzee Giza.

Wakati huo hakuwa mke wa mtu bado. Alikuwa msichana wa kukunja karatasi, na mpiga picha aliyeletwa na wenye sabuni alimwona akiicheka kofia yake, akasema huyohuyo, msinitafutie mwingine. Wakamtoa nje uani. Jua lilikuwa la upande mmoja, nusu ya uso ikawa kivulini, ndipo mpiga picha alipomwita kijana wa chumba cha giza aliyekuwa akipita na kumwambia asimame pale, ashike karatasi kubwa nyeupe, aurudishe mwanga usoni kwa dada. Kijana akashika. Mikono ikamtetemeka, mwanga ukacheza, dada akacheka zaidi, na picha ikapigwa. Rola alizoea kusema kwamba dada yake aliposwa kwa karatasi tupu.

Tangu hapo kila sabuni ilipochapwa upya, Mzee Giza alizitoa filamu zake nne kabatini, akamlaza mkewe juu ya meza ya taa na kumpangusa vumbi. Alipokuwa hai, mkewe alimtania: “Nyumbani hunipangusi hivyo.” Alipofariki, meza ile ikawa ndipo mahali pao pa kukutana. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, Bwana Kisasa?

Sasa Bwana Kisasa alikuwa na mpango. “Bibi Leza atazipiga picha hizo filamu kwa skana, aziingize kwenye kompyuta, biashara kwisha. Sabuni ikipita, na kazi nyingine za zamani zitapita hivyo hivyo. Filamu zote tutamuuzia mtu wa vyuma chakavu. Zina madini ya fedha ndani, mnajua? Wanazichoma wanayatoa. Na chumba cha giza tutaweka viti vya ziada.”

“Viti vya kukalia nani?” aliuliza Rola. “Sisi tunasimama.”

Binti alinyoosha mkono. “Meneja, kupiga skana filamu ni hatari. Ingekuwa bora tuipate ile picha ya asili, ile yenyewe ya rangi iliyotoka kwenye kamera.”

“Iko wapi?”

“Sijui.” Akamgeukia baba yake. “Mzee, ipo?”

Kazini alimwita mzee kama watu wote. Mzee Giza aliutazama ukuta.

“Waulize wakubwa,” alisema. “Ndio waliozitupa picha za asili, siku walipotaka kabati la kuwekea vikombe.”

Ulikuwa ukweli, ila ukweli uliokatwa mkia. Wakubwa wa wakati huo walizitupa kweli. Lakini Mzee Giza aliinama kwenye pipa la taka akaiokota ile moja, kipande cha filamu ya rangi kisichozidi kiganja cha mtoto, akampelekea mkewe. Mkewe alikifunga kwa pindo la kile kitambaa chake cha kijani, akakitia chini kabisa ya kopo la biskuti alimowekea vifungo, sindano na nyuzi. Mpaka leo kilikuwa humo, juu ya kabati la nguo, umbali wa mkono tu kutoka kitandani.

Kwa nini hakusema? Sababu alikuwa nazo tele, tena akazipanga vizuri. Waliitupa mara ya kwanza, watashindwa nini kuitupa mara ya pili? Wamemnyima feni, wamechukua chumba chake na binti yake. Wachukue na kopo la mkewe? Na chini ya sababu hizo zote ilijilaza moja ndogo, kama nyoka chini ya mkeka: mashine ikianguka, chumba cha giza kitabaki.

* * *

Binti akafanya alivyoagizwa. Akazipiga filamu zile skana, leza ikachora, bati nne zikatoka zinang’aa kama sahani za wageni. Rola akazifunga kwenye mashine kubwa, akatia wino, akaondoa karatasi za kwanza, akachomoa moja kuitazama. Akaigeuza. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

“Dada yangu!” alipiga kelele. “Nani amekusuka uso?”

Watu wakakimbilia. Pale juu ya karatasi mke wa Mzee Giza alikuwa akicheka kama kawaida, lakini kuanzia kipaji cha uso hadi kidevu alikuwa amejaa miraba na mawimbi, njia za kupanda na za kushuka, mithili ya mkeka. Shavu la kushoto lilifanana na tenga.

“Hii sabuni ya kuogea au ya kulalia?” mmoja akauliza.

“Ukimaliza kuoga unamkunjua unajikausha!” mwingine akadakia.

Mzee Giza alicheka mpaka akashika nguzo. Hakuwa amecheka hivyo tangu msiba. Mashine ya wenye tai! Chuma kilichopigiwa makofi! Alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa shati alipomwona binti yake. Hakuwa analia, wala hakuwa anabishana na mtu. Alikuwa amesimama kando ya lundo la karatasi, ameweka viganja vyake viwili juu ya ile ya juu, anaufunika uso wa mama yake watu wasizidi kuucheka.

Kicheko kikamwishia Mzee Giza njiani, nusu ndani nusu nje.

Bwana Kisasa akaja mbio, tai begani. “Nini hiki?”

“Ndicho nilichokisema, Meneja,” alijibu binti. “Picha ya kwenye filamu tayari imeundwa kwa nukta. Leza nayo inaweka nukta zake juu ya zile. Ni kama kulaza chandarua juu ya chandarua, lazima utaona mawimbi. Ipo skana inayonakili nukta moja moja kama ilivyo. Niliiomba, mkasema ni anasa.”

“Usinifundishe vyandarua mimi! Kesho asubuhi mwenye sabuni anakuja kuona. Nimemwambiaje? Nimemwambia kisasa!” Akazunguka kumtafuta mtu, macho yakamwangukia Mzee Giza, na sauti ikabadilika ikawa asali. “Mzee wangu! Fungua chumba chako. Nitengenezee bati kwa filamu, kama zamani. Wahenga hawakukosea, ya kale ni dhahabu.”

Kisha akamgeukia binti, asali yote ikaisha. “Na wewe, kesho mwenye sabuni akishaondoka, tutazungumza. Wala hayatakuwa mazungumzo marefu.”

Mzee Giza alifungua chumba chake. Alikuwa ameshinda. Alimlaza mkewe juu ya meza ya taa, wanne kama siku zote, akachukua brashi. Dawa ilinuka vilevile, taa nyekundu ilikuwa ileile. Ila kila alipoinama kutafuta vumbi, aliona viganja viwili juu ya uso.

“Usinitazame hivyo,” alimwambia mkewe. “Si mimi niliyemwajiri. Si mimi ninayemfukuza. Wakubwa hao.”

Mkewe aliendelea kucheka. Kwenye filamu hakuwahi kufanya kingine.

* * *

Jioni, baada ya kula, binti alilikagua koti lake jeupe. Kifungo kimoja kilikuwa kimeng’oka.

“Baba, nishushie lile kopo la mama la vifungo.”

Mzee Giza alisimama haraka kuliko magoti yake yalivyotarajia. “Kaa. Nitakishona mimi.”

“Wewe?”

“Kwani mikono yangu ina nini?”

“Haina kitu. Ndiyo maana nauliza.”

Akaenda chumbani, akafungua kopo kwa ncha za vidole kama mwizi, akachukua sindano, uzi na kifungo bila kugusa kile kifurushi cha kijani kilichokuwa chini, akalifunga. Akarudi, akakaa, akalilaza koti mapajani, akaanza. Mtu aliyezoea brashi ya sharubu ya paka alitegemea sindano ingekuwa kama mchezo. Haikuwa.

“Koti la nini lakini?” alisema binti, akimtazama. “Kesho ananifukuza.”

“Labda hatakufukuza.”

“Atanifukuza, baba. Atawaambia wakubwa zake mashine ni nzima, mtu ndiye mbovu. Ungekuwa wewe ungesema nini?” Akavuta pumzi. “Kazi nitapata nyingine. Sitaililia. Kitakachoniuma ni kimoja: mimi ndiye niliyemgeuza mama mkeka mbele za watu. Mjomba amecheka. Na wewe ulicheka, nilikuona.”

Mzee Giza aliinamia kifungo. Aliuvuta uzi kwa nguvu, akaukata kwa meno, akampa koti. Koti halikuondoka. Alivuta tena, na pindo la shati lake mwenyewe likaja nalo.

Binti alitazama kifungo, akatazama shati, akaangua kicheko. Alikuwa na kicheko cha mama yake, kilekile cha kuicheka kofia ya mpiga picha.

“Umetushona pamoja, baba!”

“Nyamaza,” alisema Mzee Giza, “lete mkasi.” Lakini naye mabega yalikuwa yakitikisika.

* * *

Asubuhi walitembea kama kawaida, ila Mzee Giza alibeba mfuko. Getini hakwenda kushoto. Alikwenda kulia, akaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi, mara yake ya kwanza tangu kifunguliwe, na kitu cha kwanza kumjia akilini kilikuwa tusi kwa wakubwa: kumbe raha ya baridi ndiyo hii! Akatoa kopo la biskuti mfukoni na kuliweka mezani mbele ya binti yake.

“Kifungo kitalegea tena,” alisema. “Kaa nalo.”

Binti akafungua. Akapekua nyuzi, akapekua vifungo, akakuta kitambaa cha kijani. Akakifunua. Akakiinua kile kipande cha filamu kwenye mwanga wa dirisha, na mama yake akawa hapo, mdogo kuliko kiganja, rangi zote kamili.

Akamgeukia baba yake. Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake.

“Ina vumbi,” alisema.

“Si ulisema leza haina vumbi?”

“Leza haina, baba. Kopo ndilo lenye vumbi.” Akajifuta macho kwa mkono wa koti, akavuta kiti cha pili. “Kaa hapa. Unionyeshe lipi ni vumbi na lipi ni mama.”

Basi wakakaa bega kwa bega. Skana ikanguruma kidogo, uso ukajaa kwenye kioo cha kompyuta. Mzee Giza aliyezoea kumwona mkewe kwa weusi, vipande vinne, aliona wekundu wa ufizi, unyevu wa mdomo, na uzi mmoja wa kitambaa uliokuwa umechomoka juu ya sikio. Binti akakuza picha ili afute vitone. Shavu likawa kubwa kama sinia. Pua ikapita kama kilima. Wakafika kwenye jicho.

“Hapo, ndani ya jicho, pana doa,” alisema binti. “Kitu cheupe. Nifute?”

“Ngoja. Kuza.”

Akakuza. Kile cheupe kikawa pembe nne. Akakuza tena. Nyuma ya cheupe kile palikuwa na miguu miwili myembamba, na juu yake kichwa chenye nywele nyingi.

Mzee Giza alijisogeza mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alikuwa kijana aliyeshika karatasi. Mikono juu, shingo imerefuka kama ya jogoo, anamtazama dada asiyemjua jina. Miaka yote ile alikuwa humo machoni mwa mkewe, na filamu yake, kwa nukta zake nene, haikuwahi kumwonyesha.

“Baba, ni wewe?”

“Usifute,” alisema Mzee Giza. “Hilo si vumbi.”

Rola alipoitwa kuja kuona aliinama, akafumbua macho, kisha akapiga meza ngumi. “Shemeji! Kumbe muda wote huu ulikuwa bafuni mwa watu! Nchi nzima inaoga, wewe umeshika karatasi unaangalia!”

“Nenda kafunge bati zako,” alisema Mzee Giza.

“Naenda. Lakini wake zetu wakijua, sabuni hainunuliwi tena.”

Rola alichapa mara mbili asubuhi ile, kwanza kwa bati za filamu kama Meneja alivyoagiza, kisha kwa bati za leza ambazo Meneja hakuwa na habari nazo. Mwenye sabuni alipofika, alikuta karatasi mbili mezani. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na alizibadilisha mara kadhaa. Bwana Kisasa alikuwa akitokwa jasho katika tai yake, kwa kuwa hakujua ipi ni ipi na hivyo hakujua aisifie ipi.

“Hii,” alisema mwenye sabuni, akagonga ya kulia. “Huyu ananitazama. Yule wa kushoto macho yake yananipita.”

“Mzee wangu,” aliwahi Bwana Kisasa, akidhani salama iko kwake, “wewe ndiye mwenye jicho. Unasemaje?”

Mzee Giza alitoa kioo chake cha kukuzia, akaitazama ya kushoto, kazi ya mikono yake: safi, haina kitone. Akaitazama ya kulia. Kwenye jicho, ukijua pa kutazama, kulikuwa na cheupe cha pembe nne. Angeweza kusema lolote, na wakubwa wangemwamini, maana wakubwa huamini chochote wakiwa na hofu.

“Ya kulia,” alisema, na neno likatoka kama mwiba. “Ni ya leza. Ni ya binti yangu.”

“Nilisema mimi!” Bwana Kisasa aliruka. “Kisasa!”

“Jana ya kale ilikuwa dhahabu,” Rola alimnong’oneza jirani yake.

“Imeshachuja,” alijibu jirani.

Mazungumzo mafupi ya Meneja na binti hayakufanyika. Mwisho wa mwezi alithibitishwa kazini, na jambo la kwanza aliloomba ni mtu wa kukagua bati kwa jicho kabla hazijaenda kwa Rola. Wakubwa walikubali kwa kuwa waliona ni wazo lao. Mzee Giza akapata kiti katika baridi. Feni hajapewa mpaka leo.

Mtu wa vyuma chakavu alikuja kuzichukua filamu. Bwana Kisasa alisimama mlangoni akisimamia upakiaji, kama kawaida ya wasiobeba. Mzee Giza alipita mbele yake na filamu nne kwapani, mchana kweupe.

“Mzee, hizo ni mali ya kiwanda.”

“Ni uso wa mke wangu. Mliutupa mara moja, nikauokota kwenye pipa, na ndio uliokuokoa wewe juzi. Niache nipite.”

Bwana Kisasa alifungua mdomo, akamwona Rola akija nyuma na spana mkononi, akaona afadhali arekebishe tai.

Filamu zile sasa zimebandikwa kwenye dirisha la jikoni nyumbani kwao. Asubuhi jua likipenya, mama anacheka mara nne juu ya sufuria.

“Baba, sema kweli leo,” binti alimuuliza njiani, koti lake jeupe mkononi, kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine. “Filamu au leza?”

Mzee Giza aligusa kile kifungo. Geti lilikuwa limeshaonekana.

“Muulize mama yako,” alisema. “Mimi nilishika karatasi tu.”